MJADALA: Kukaa kimya na mstari mmoja, ni maombi au ni yoga?

Mzee wa Usharika: Bwana asifiwe wapendwa. Usharika wetu wa Kilutheri umepunguza maombi ya Jumatano. Sasa zaburi fupi inasomwa mara tatu polepole, halafu kila mtu anakaa kimya na mstari uliomgusa, dakika 20. Waumini wamegawanyika na wengine wameacha kuja. Mimi naunga mkono. Tunakimbiza sura tatu kwa siku ili Biblia iishe kwa mwaka, na jioni hatukumbuki tulichosoma. Yoshua 1:8 inasema tuyatafakari maneno yake mchana na usiku. Mnaonaje?

Shujaa wa Maombi: Mzee, shikamoo, lakini hiyo ni yoga. Wanaanza na ukimya, kesho mtafundishwa kuvuta pumzi na kuondoa mawazo kichwani. Matendo 4 walimpazia Mungu sauti zao, mahali pakatikiswa. Nionyesheni palipotikiswa na watu waliokaa kimya!

Mwalimu Katekista: Nani kasema kuondoa mawazo? Mzee kaeleza vizuri: akili inakaa na mstari. Roma wenyewe, yaani Vatikani, walitoa barua kwa maaskofu Oktoba 1989 kuhusu mbinu za Mashariki kama yoga, wakaonya, wala hawakukataza kutafakari. Karne ya 12 mtawa Guigo alipanga ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali, kumtazama Mungu. Ona kusali kulivyo ndani yake. Na Hana midomo tu ilitikisika, sauti haikusikika, akampata Samweli. Afadhali ukimya huo kuliko spika zenu za mkesha.

Shujaa wa Maombi: Spika zimeingiaje hapa? Na kengele zenu za alfajiri, nani analalamika?

Mwalimu Katekista: Kengele ya Malaika wa Bwana, ile sala yetu Wakatoliki, inalia saa 12 asubuhi, kwa muda mfupi. Ninyi mnaanza saa 4 usiku mpaka kuku wanawika.

Mama Zamu: Mimi ni muuguzi, kanisa liko ukuta kwa ukuta na chumba changu. Nikitoka zamu ya usiku nakuta maombi ya asubuhi yameanza, spika mbili zimeelekezwa mtaani. Nimeokoka na nampenda Yesu. Lakini kanuni za Tanzania za kudhibiti kelele za 2015 zipo, na nyumba za ibada hazina ruhusa ya kumnyima jirani usingizi.

Shujaa wa Maombi: Dada, baa ya jirani umeishtaki?

Mama Zamu: Nimeishtaki kaka, na ikapunguza sauti. Kanisani niliambiwa nina roho ya upinzani. Hilo liliniumiza kuliko kelele.

Kijana wa Dodoma: Tumetoka kwenye mada. Anayesema ni mambo ya Wakatoliki au yoga amsome Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani. Mlutheri. Chuo chake cha wachungaji kule Finkenwalde, 1935, wanafunzi walikaa kimya nusu saa kila asubuhi na andiko lile lile wiki nzima. Baadhi walinung'unika. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakakifunga 1937. Wale hawakuwa watu wa kutafuta utulivu wa moyo, walikuwa wanaandaliwa kwa mateso.

Shujaa wa Maombi: Mjerumani tena. Uamsho wetu wa Afrika Mashariki ulitokea Gahini, Rwanda, watu wakatubu hadharani na kuimba.

Mzee wa Usharika: Mwanangu, mimi nimelelewa na Uamsho huo. Wazee wale kabla ya kutubu hadharani walikuwa wamekaa na Neno peke yao mpaka likawachoma. Ndilo ninalolililia. Sasa naomba jibu: dakika 20 zibaki, au turudi kwenye ratiba ya zamani?

Mwalimu Katekista: Zibaki, Mzee. Ila Shujaa bado hajamjibu mama wa watu kuhusu spika.

Shujaa wa Maombi: Mwalimu, geuza kwanza kengele yako, ndipo tuzungumze spika.