Mama aliweka dole gumba kwenye fomu ya utafiti: je, anaweza kujitoa?

Binti wa Tandahimba:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mama yangu, ambaye hajui kusoma, alikwenda kliniki ya presha mjini Mtwara, na akiwa bado kwenye foleni aliitwa chumba cha pembeni, akasomewa karatasi nne harakaharaka, kisha akaweka dole gumba. Alirudi nyumbani na wino kidoleni, nakala ikiwa imekunjwa ndani ya kadi yake, akiamini kwamba ameandikishwa kupata dawa bora zaidi. Nilipoisoma nikakuta ni utafiti, na kwamba atatolewa damu mara tatu kwa mwaka. Sasa majirani wamemjaza habari za mumiani, naye hataki hata kufuata dawa zake za kawaida. Je, akijitoa atanyimwa matibabu?

Muuguzi mstaafu, Lindi:
Marahaba, mwanangu. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na dawa zake haziguswi; Azimio la Helsinki la mwaka 1964, yaani kanuni za maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu zilizotolewa na Chama cha Madaktari Duniani, pamoja na marekebisho yake, ndilo msingi wa haki hiyo. Shida ni kwamba mgonjwa haoni mpaka kati ya kliniki na utafiti, maana anayemsomea fomu amevaa koti jeupe lilelile. Niliwahi kukusanya ridhaa vijijini Nachingwea, na nakiri kwamba wengi walikuwa wakiitikia kwa kichwa kabla sijafika ukurasa wa pili. Nikiuliza kama wameelewa, hujibiwa "ndiyo, daktari", nami si daktari. Nilianza kupata majibu ya kweli nilipoliacha swali hilo na kumwomba kila mtu anieleze, kwa maneno yake, tutamfanyia nini. Hebu tazama nakala: kwa asiyejua kusoma, panatakiwa sahihi ya shahidi asiyekuwa mmoja wa watafiti. Nani alitia sahihi?

Binti wa Tandahimba:
Mama anasema ni yuleyule aliyemtoa damu.

Mzee wa Mikindani:
Basi hapo hapakuwa na shahidi. Kwa kawaida fomu huwa na namba ya mtafiti mkuu na namba ya kamati ya maadili iliyotoa kibali, ambayo mara nyingi ni ile ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Piga hiyo ya kamati.

Mvuvi wa Kilwa:
Nami nilishiriki utafiti wa matende. Fomu ilisema "mililita tano", nikaogopa, mpaka kijana mmoja alipochota maji kwa kijiko cha chai akanionyesha kuwa ndicho kiasi chenyewe. Ila tusiwacheke wanaosema mumiani: watu wanakuja na gari, wanachukua damu, wanaondoka, na majibu hatuyaoni. Mimi mpaka leo sijaambiwa walichogundua.

Binti wa Tandahimba:
Ahsanteni. Nitampeleka mwenyewe kufuata dawa. Na damu iliyokwisha kuchukuliwa?

Muuguzi mstaafu, Lindi:
Fomu inapaswa kueleza inahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama itapelekwa nje ya nchi. Uliza kama inaweza kuharibiwa, na uombe jibu kwa maandishi.