Nina tatuu ya jina la marehemu mama, mchungaji anataka niifute kabla ya ndoa. Nifanyeje?

Mwali wa Nyakato:
Habari za humu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni kidogo maana hapa nilipo sina nguvu ya kutukanwa.

Mimi ni binti wa miaka 27, niko Mwanza, nimelelewa KKKT mpaka kipaimara. Mama alifariki 2019 nikiwa mwaka wa pili chuo Dar. Tulipomaliza arobaini nikarudi chuo, siku moja nikajikuta nimeingia kwa mchoraji mmoja Sinza nikachorwa mkono wa kulia kwa ndani juu ya kiwiko, jina la mama, msalaba mdogo na ule mwaka. Sikulewa wala sikufata mkumbo, nililia pale kwenye kiti na yule kaka akazima redio akanisubiri nimalize.

Sasa nimepata mchumba, kaka katulia, anasali kanisa la kilokole na mimi nimehamia huko mwaka wa pili huu. Ndoa Desemba. Juzi mama mchungaji ananipima gauni akaiona, kesho yake tukaitwa ofisini. Mchungaji akafungua Walawi 19:28 akasoma ile ya msichanje chale kwa ajili ya wafu wala msiandike alama miilini mwenu, halafu akaniuliza mama yako yu hai? Nikasema hapana. Akafunga Biblia akakaa kimya.

Masharti ni niifute, nitubu mbele ya kanisa, na nimeshasimamishwa kuimba timu ya sifa. Mchumba anasema tufanye tu wanavyotaka yaishe. Hivi kweli nimemkosea Mungu kiasi hicho? Na hii kitu inafutika?

Mzee wa Kiloleli:
Binti yangu nitakwambia ukweli hata kama unachoma. Andiko halina kona. Mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu, 1 Wakorintho 6:19, na hekaluni hatuandiki andiki kama ukuta wa stendi. Tubu, Mungu ni mwingi wa rehema, funga ndoa yako.

Chuma cha Reli:
Mzee shikamoo. Ndevu unanyoa? Maana mstari wa 27 hapo hapo juu yake unakataza kuharibu pembe za ndevu. Na hilo shati la pamba na poliyesta mstari wa 19 umelikataa, nguo ya aina mbili hairuhusiwi. Tuanze na wewe kutubu mbele ya kanisa 😂

Mzee wa Kiloleli:
Marahaba. Mstari wa 29 unakataza kumfanya binti yako kahaba, nao tuufute kwa sababu upo karibu na wa ndevu?

Chuma cha Reli:
Hapo umenipata mzee wangu, nakaa chini.

Mkate na Samaki:
Nyote wawili mmegusa swali gumu, nani anaamua mstari upi unabaki na upi umepita. Mi nilisoma chuo cha Biblia miaka mitatu kabla sijaingia kwenye kuuza spea, nichangie kidogo. Dada tofauti na watu wengi wanaobishana tatuu, kwako mchungaji kashika neno lenyewe, "kwa ajili ya wafu", kwa hiyo usimwone mjinga. Ila cheki hilo neno lilikuwa linapiga nini. Watu wa zile nchi walikuwa wakifiwa wanajikata kata na kunyoa upara katikati ya macho, soma Kumbukumbu la Torati 14:1 na Yeremia 16:6 utaona ni desturi ya msiba iliyokuwa inajulikana kabisa, na manabii wa Baali pale 1 Wafalme 18:28 wanajikata mpaka damu inatoka ili mungu wao awajibu. Yaani mwili unatumika kuongea na upande wa pili. Sasa jiulize wewe mwenyewe bila mchungaji wala sisi, siku ile ulitaka mama akujibu? Ulitaka akulinde? Kama ndio basi kuna kitu cha kuongea na Mungu. Kama ulitaka tu usimsahau, hiyo ni kazi inayofanywa na jiwe la kaburi na sijaona mchungaji anayevunja makaburi. Halafu Isaya 44:5 kuna mtu anaandika mkononi kwamba yeye ni wa Bwana na anasemwa kwa uzuri tu. Sisemi hiyo inaruhusu tatuu, nasema Biblia haijaliongelea jambo hili mara moja ikanyamaza.

Faranji wa Addis:
Nimekaa Ethiopia kikazi, hapa mngeshangaa. Wamama wa Orthodox hasa wa vijijini Amhara na Tigray wana msalaba umechorwa kwenye paji la uso, wengine mistari shingoni mpaka taya, na ni wacha Mungu hao wanafunga siku nyingi kwa mwaka kuliko sisi tunavyokula ugali. Misri nako Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa kule, wanachora msalaba mdogo mkono wa kulia hapa kwenye kifundo kwa ndani, watoto wadogo wanachorwa, na kuna makanisa mlinzi akikutilia shaka anaangalia mkono. Jerusalem ipo familia ya Kikopti inaitwa Razzouk inachora mahujaji na wanasema ni kazi ya ukoo wao kwa miaka 700. Kwa hiyo "Mkristo hachori" ni sentensi ya mtaa wetu, ukivuka mipaka inageuka.

Mjukuu wa Mmakonde:
Asante faranji. Na hata usivuke mipaka. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na nembo za Kimakonde, zile chale za kuchora, uso mzima, mashavuni na kwenye paji, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo. Alibatizwa Ndanda kwa Wabenedikto akiwa nazo, akapokea komunyo miaka yote mpaka tunamzika, rozari mkononi. Angeambiwa afute kwanza angefuta na nini, msasa?

Sista Wodi Namba 5:
Acheni theolojia nijibu la kufutika. Inafutika kwa leza ila si mara moja. Wino umekaa kwenye tabaka la chini la ngozi, leza inauvunja vipande vidogo halafu mwili wenyewe unavibeba taratibu, kwa hiyo unarudi mara kadhaa na kati ya mara moja na nyingine unasubiri wiki sita mpaka nane. Hesabu mwenyewe hadi Desemba. Wino mweusi unatoka vizuri, kijani na bluu ni wasumbufu. Na ngozi yetu nyeusi inatakiwa mtaalam anayeijua na mashine yake, vinginevyo inabaki baka jeupe au jeusi zaidi. La muhimu, je ukijikata au ukitoboa sikio unaota keloidi, lile kovu linalovimba na kukua? Kama ndio usikimbilie. Na tafadhali asije mtu akakuambia tindikali, chumvi ya kusugulia au pasi. Nimewauguza hao, tatuu ilibaki na kidonda juu.

Afande Mstaafu:
Kama ana ndoto ya polisi aifute mapema, matangazo ya ajira yanasema wazi asiwe na alama za kuchora mwilini.

Chuma cha Reli:
Afande binti anaolewa, haendi depo 🤣

Mama Kasulu:
Mwanangu, mi ni Mkatoliki, 2018 Papa Francis aliwaambia vijana kule Roma wasiogope tatuu, akataja Waeritrea na misalaba yao ya pajini, ila hilo halikusaidii kwa mlokole. Mimi nimekwama kwenye lile neno la mchumba. "Yaishe." Jina la mama yako ndo liishe? Hajakuuliza hata ulikuwa unawaza nini siku ile? Mimi nimeolewa miaka 31, mwanaume anayetaka mambo yaishe haraka mezani kwa mchungaji, kesho atataka yaishe haraka mezani kwa mama yake. Kaa nae chini kabla ya leza.

Mwali wa Nyakato:
Nimesoma zote, wengine mmenichekesha mmenitoa machozi hapo hapo. Sista, sikio la kushoto liliota keloidi nikiwa darasa la saba, kwa hiyo leza nimeshaiondoa kwenye meza. Mkate na Samaki, nimejiuliza usiku kucha. Sikutaka anijibu. Niliogopa tu, maana sauti yake ilikuwa inaanza kunipotea, nikaona na jina litafata.

Mama Kasulu nimeongea na mchumba. Alinyamaza sana halafu akasema alidhani mimi ndo nataka yaishe. Tumekubaliana Jumapili aende kwanza yeye kwa mchungaji aombe gauni la mikono mirefu litoshe, la kutubu hadharani tulizungumze polepole, dhambi za kutubu ninazo ila hii bado sijaona naitubia nini. Akikataa sijui, labda tutafungia kwetu Usharikani.

Jana nikampigia baba nikamweleza, hakuwahi kujua miaka yote hii nilikuwa namficha. Akauliza mwaka umeandika sawasawa? Nikamwambia ndio. Akasema ukija likizo nionyeshe.

Nitaleta mrejesho wakuu.