Mjadala: Imla ya mbio, maigizo na midahalo katika somo la Kiingereza sekondari: ni kufundisha au ni kupoteza vipindi?

Mwalimu wa Makorora
Ndugu zangu, asalaam aleikum na habari za kazi. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili katika shule moja ya kata hapa Tanga mjini, darasa la wanafunzi wanaozidi 70. Muhula huu nimepunguza kuandika notisi ubaoni na badala yake nafanya imla ya mbio: aya fupi hubandikwa ukutani nje ya darasa, mmoja wa kila jozi hutoka, huisoma sentensi moja na kuishika kichwani, hurudi mbio kumtamkia mwenzake anayeandika, kisha hubadilishana. Siku nyingine wawili huketi wakipeana migongo. Mmoja ana ramani ya njia kutoka stendi ya Kange hadi uwanja wa Mkwakwani, mwenzake ana karatasi tupu, na kazi yao ni kuihamishia ramani kwenye karatasi ile kwa maneno ya Kiingereza tu. Watoto ambao sikuwahi kuzisikia sauti zao sasa wanazungumza. Hata hivyo, mwalimu wa taaluma ameniambia kwamba kelele zinasumbua madarasa ya jirani na kwamba mada za mtihani zinabaki nyuma. Naomba mawazo yenu.

Mzazi wa Chumbageni
Mwalimu, nakuheshimu, lakini sikumpeleka mwanangu sekondari akafanye mazoezi ya mbio. Sisi tulifundishwa sarufi ubaoni, tukakariri nyakati zote za vitenzi, na barua za kuomba kazi tukaziandika wenyewe bila kumtafuta mtu. Na tuseme lile ambalo wengi hulisema pembeni: mwalimu anayekimbilia michezo mara nyingi ni yule ambaye, akisimama kuzungumza Kiingereza kwa kipindi kizima cha dakika 40, Kiingereza chake kitakwisha kabla ya kengele kulia.

Binti Pangani
Mzazi, hilo la mwisho ungelimeza. Mimi ni mwalimu wa somo hilohilo, na huandaa mchezo mmoja wa dakika 20 kwa kukata vipande vya aya usiku, kuvichanganya na kuvifunga bahasha kwa bahasha ili kila kundi liipange habari upya na kueleza kwa nini sentensi hii imetangulia ile. Kunakili notisi kutoka kitabuni kungenichukua muda gani? Hakuna. Mvivu ni yupi hapo? Unapohudhuria kikao cha wazazi huzungumza kwa lugha gani, wewe uliyekariri nyakati zote za vitenzi?

Mzazi wa Chumbageni
Dada, kikao cha wazazi ni cha Kiswahili kwa sababu wazazi ni Waswahili. Mimi silipwi mshahara wa kufundisha Kiingereza. Wewe unalipwa.

Mzee wa Ngamiani, mwalimu mstaafu
Wanangu, punguzeni jazba. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne niliowaandalia wanafunzi miaka yote ulikuwa karatasi ya kuandika ya saa tatu. Mwanafunzi hakusikilizwa akizungumza, wala hakuulizwa alichosikia, ilhali muhtasari wa somo ulitaja kusikiliza na kuzungumza waziwazi. Mwalimu wa taaluma anayehesabu mada si adui wa Mwalimu wa Makorora. Anahesabu kile kitakachohesabiwa na Baraza la Mitihani. Tangu mitaala ya 2005 tunaambiwa tujenge umahiri badala ya kukaririsha, lakini mwalimu hufuata mtihani ulipo. Ningependa mtu anijibu hilo kwanza.

Na kuhusu udhaifu wa Kiingereza shuleni, habari hiyo ni kongwe. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walieleza katika ripoti yao kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Tusiwabebeshe walimu wa leo peke yao mzigo wa miongo minne.

Kijana wa Raskazone
Mzee shikamoo. Kama sikosei, Tume ya Makweta, ile tume ya rais ya elimu, nayo ilisema Kiingereza kiongezwe hadi darasa la kwanza, Serikali ikakosa fedha.

Mzee wa Ngamiani, mwalimu mstaafu
Marahaba. Unakosea, mwanangu. Tume ya Makweta, iliyotoa ripoti yake 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, Kiingereza kikaendelea, na baadaye Waingereza wakasaidia kwa mradi wa vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu. Vilikuwa vitabu vizuri. Katika shule niliyokuwapo vilifungiwa kabatini visije vikachakaa.

Kijana wa Raskazone
Basi nami niseme niliyoyaona kama mwanafunzi. Mdahalo wa Ijumaa ndio uliokuwa fahari ya shule yetu, na hoja ilikuwa ileile kila mwaka: mwalimu ni bora kuliko daktari. Wazungumzaji walikuwa walewale wanne, wamekariri salamu ndefu za kumsalimu mwenyekiti, mtunza muda na wasikilizaji wapendwa, na salamu zikiisha na Kiingereza kimekwisha. Sisi wengine tulipiga makofi kwa Kiswahili. Kama hiyo ndiyo shughuli ya kuchangamsha darasa, namwunga mkono Mzazi. Lakini imla ya mbio ni jambo jingine, kwa sababu pale mtu hawezi kujificha nyuma ya msemaji hodari.

Mwalimu wa Muheza
Mnasahau dawa iliyofanya kazi. Kile kibao cha shingoni, anayekamatwa akizungumza Kiswahili anakivaa hadi amkamate mwingine. Kilikuwa na fedheha, sikatai, lakini kilitusemesha.

Binti Pangani
Kilitunyamazisha, kaka. Mimi nilikivaa. Kuanzia hapo nilizungumza kwa ishara hadi nafika bwenini, na wasichana wenzangu hali kadhalika. Mtoto aliyezaliwa mkoa mmoja na Shaaban Robert anafundishwa kwamba Kiswahili ni kosa la kuadhibiwa, halafu mnashangaa akipewa nafasi ya kuigiza mnada wa samaki mbele ya wenzake anaona haya kufungua mdomo.

Mzazi wa Chumbageni
Mnada wa samaki kwa Kiingereza! Pale soko la samaki la Deep Sea nani ananadi changu kwa Kiingereza? Hayo ndiyo ninayoyasema: mnawafundisha hali ambazo haziko popote.

Binti Pangani
Na hiyo sentensi ya kitabuni ya kijana anayemwandikia barua rafiki yake aliyeko London iko wapi hapa Tanga? Mnada wanaujua, bei wanazijua, maneno ya kushawishi wanayajua. Kinachobaki ni lugha tu. Huwezi kumwongezea mtoto mzigo wa hali ngeni juu ya lugha ngeni.

Mwalimu wa Makorora
Dada Binti Pangani, hoja ya mnada nimeichukua. Kuhusu kelele, nitaomba vipindi hivyo vihamishiwe saa za mwisho, chini ya mwarobaini, na mada za sarufi nitazitoa ndani ya aya zilezile zinazobandikwa ukutani, ili aya ya wiki hii iwe yote ya wakati uliopita. Mzee, la mtihani sina jibu, na naona hapa hakuna aliyeligusa. Mzazi, nakukaribisha darasani Jumatano, ukae nyuma, usikie Kiingereza changu kinaisha saa ngapi.

Mzazi wa Chumbageni
Nitakuja. Nitakuja na daftari la mwanangu, na kila kosa lililowekewa alama ya vema nitalisoma kwa sauti mbele ya darasa hilohilo.

Binti Pangani
Ukilisoma, lisome kwa Kiingereza.