Bustani ya magunia kwa wazee na WAVIU (watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI): miche ya chini inanyauka, tatizo ni nini?

mamaShamba_Tmk: Wadau, shikamoo kwa wakubwa. Kikundi chetu kina watu 14: wazee, WAVIU, na wawili wanaotumia viti vya magurudumu. Tumeazimwa kiwanja Temeke, Dar es Salaam, maji ni ya kisima. Tumejaza magunia 10 ya kilo 90, tukapanda sukuma wiki juu na kwenye matundu ya ubavuni. Miche ya juu imestawi, ya chini imekauka. Pia wanakikundi wameanza kugombania mavuno. Naomba ushauri.

BwanaShamba: Marahaba mama. Katikati mliweka nini? Kama ni mchanga au kokoto laini, udongo umeziba njia na maji hayafiki chini. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, kata kifuniko na kitako libaki wazi juu na chini, lisimamishe katikati ya gunia na ulijaze mawe ya ukubwa wa ngumi. Zungushia udongo ndoo 3 na samadi iliyooza ndoo 1 na nusu, vilivyochanganywa vizuri. Kila udongo unapofika ukingo wa kopo, livute juu polepole, mawe yabaki, kisha jaza tena.

Mwagilia siku tatu bila kupanda ili udongo utitie. Ukitoboa gunia na kupanda mapema, udongo unashuka baadaye na kukata mizizi. Matundu yaanze sentimita 20 kutoka chini, yapishane, na mzizi uingie umenyooka; ukijikunja kuelekea juu mche haushiki. Mwagilia nusu kwenye mawe, nusu juu ya udongo, taratibu.

Halafu onja hayo maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Kingo za majani zikiungua rangi ya kahawia, ongeza mchicha na spinachi, vinavumilia zaidi, na kingeni maji ya mvua.

dada_lishe: Naongeza upande wa afya, tafadhali msiupuuze. Samadi mbichi ina vijidudu, na kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka si jambo dogo. Irundikeni miezi mitatu au zaidi, mkiigeuza. Glavu, viatu vya kufunika, mikono kuoshwa kwa sabuni. Udongo msichote karibu na gereji wala barabara kubwa, unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Na kibao cha "Bustani ya WAVIU" msiweke kabisa! Jirani akisoma, siri ya mtu imetoka. Iiteni bustani ya mtaa, wazee na wengine wawe humo humo.

Fundi Mbao: Wa viti vya magurudumu gunia refu haliwafai, mkono haufiki juu. Tengenezeni meza imara yenye uwazi wa sentimita 70 chini ili magoti yaingie, juu yake sanduku la kina cha sentimita 25 lenye matundu ya kutoa maji. Upana usizidi 60 kama anafikia upande mmoja tu. Njia iwe mita moja na robo, ishindiliwe, maana mchanga wa Temeke unameza matairi.

BwanaShamba: Mavuno: ongezeni magunia ili kila mtu awe na lake lenye namba, na mawili ya pamoja yauzwe kulipia maji. Mpangieni kila mmoja mwenzake wa kumwagilia siku ya kliniki au akiugua, kwani siku tatu za jua bila maji zinatosha kuua miche. Makubaliano ya kiwanja yaandikwe, mwenye eneo asaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kabla hamjajaza gunia la kumi na moja. Likishalowa halibebeki mkiambiwa mhame.