Mlezi wa kitaaluma kwa mtafiti anayeanza: wa idarani, wa programu, wa mtandaoni au wenzako?

Msabaha (Malindi)
Salaam nyote. Nafundisha kwenye tawi la chuo huku pwani nikiwa mhadhiri msaidizi, na uzamivu wangu ni juu ya mikoko ya hori la Mida na samaki wadogo wanaokulia humo. Data ninayo. Kinachonikwaza ni yale mengine: makala ya kwanza niipeleke jarida gani, ruzuku niombe wapi, na nikimaliza nielekee wapi, kufundisha, taasisi ya utafiti au mashirika ya uhifadhi. Msimamizi wangu ni mtu mwema, lakini ana wanafunzi tele. Nikimpelekea sura naweza kuifunga Ramadhani na kuifungua kabla hajairudisha.

Mkuu wa idara amejitolea kunilea yeye mwenyewe. Nimesikia pia habari za programu za kulea watafiti kama CARTA na AWARD, na ile AuthorAID iliyoanzishwa na shirika la INASP la Uingereza, ambako unapata msomi wa kujitolea mtandaoni bila malipo. Halafu kuna wale wanaouza "ushauri wa kitaaluma" WhatsApp, unalipa na makala inatoka. Aliyepita njia mojawapo aniambie ilimfaa wapi na ilimwacha wapi. Bando na nauli natoa mfukoni mwangu, kwa hivyo msinipeleke Nairobi kila wiki.

Kibarani_K (Kilifi)
Dada, CARTA iondoe kwenye hesabu mapema. Ni programu nzuri, ipo tangu 2008, inaongozwa kwa pamoja na APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, na ina semina nne zinazomshika mkono mtafiti tangu pendekezo hadi maisha ya baada ya shahada. Lakini ni ya afya ya umma na masuala ya idadi ya watu, na inachukua waajiriwa wa vyuo na taasisi washirika. Kwa vyuo vya Kenya ni Nairobi na Moi. Mikoko haimo.

AWARD inakukaribia zaidi, maana ni ya wanawake walio katika utafiti wa kilimo na fani jirani zake. Ninachokipenda hapo ni kwamba unapewa mlezi aliyekutangulia, kisha nawe unamlea binti aliye chini yako. Ukianza kumweleza mwingine namna ya kuwajibu wahakiki wa jarida ndipo unapojua kama wewe mwenyewe umeelewa. Ila ushindani ni mkali na milango hufunguliwa kwa msimu. Huwezi kukaa ukiingoja ilhali sura ya tatu imelala.

Kwa fani yako mimi ningeanzia WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, makao yao Zanzibar. Wana ruzuku ndogo za MARG zinazomfaa anayeanza, na kongamano la kisayansi kila baada ya miaka miwili hivi. La 2017 lilikuwa Dar es Salaam, la 2019 Mauritius. Ukanda huu pia una mtandao wa wanasayansi chipukizi, WIO-ECSN. Humo utakutana na watu wanaojua Mida ni wapi bila kufungua ramani. Na jarida lao, Western Indian Ocean Journal of Marine Science, lipo AJOL, ile tovuti ya majarida ya Afrika. Soma matoleo machache uone kama kazi yako ina nafasi.

Ngomeni_
Hao wa WhatsApp achana nao kabisa. Makala ikikubaliwa ndani ya siku mbili tatu ujue hakuna aliyeisoma. Zamani tulikuwa tunachungulia orodha ya majarida ya kitapeli ya Jeffrey Beall, yule mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, lakini ilifutwa mtandaoni Januari 2017. Siku hizi nenda kwenye maswali ya tovuti ya Think. Check. Submit., halafu angalia kama jarida limo DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure. Pesa unayotaka kumpa huyo bwana nunulia bando.

Langoni (Lamu)
Asalaam aleikum dada. Mimi nashughulikia miswada ya tenzi, kwa hivyo mambo ya samaki siyawezi, lakini AuthorAID nimeipitia. Inafaa sana kwa Kiingereza cha makala na kwa kuwajibu wahakiki. Sharti moja: usimwendee mtu na "naomba uwe mlezi wangu". Hajui unataka nini, na akijua ataogopa ni mzigo wa maisha. Mimi huandika hivi:

"Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, natafiti jambo fulani mahali fulani. Nina rasimu ya makala ya kurasa 12 ninayotaka kuipeleka jarida fulani. Naomba uisome utangulizi na mjadala tu, uniambie kama hoja inasimama. Nina swali moja linalonisumbua, nalo ni hili. Ukipata nafasi kabla ya mwisho wa mwezi ujao nitashukuru, na ikiwa huna nafasi naomba unielekeze kwa mwingine."

Basi. Mtu akisoma hiyo anajua atatumia saa ngapi. Wengi hukubali, na asiyekubali mara nyingi hukupa jina.

Lakini kilichonisogeza hasa ni kikundi chetu hapa Lamu. Tuko wachache, kila mtu na fani yake, tunakutana Jumamosi baada ya Alasiri barazani kwa mmoja wetu. Mwenye zamu huleta kurasa tatu zilizochapwa. Hazisomi yeye, huzisoma mwenzake kwa sauti. Kazi ya mwandishi ni kunyamaza na kutia alama kila msomaji anapojikwaa au kurudi nyuma. Kujitetea hakuna mpaka kurasa ziishe, na hilo ndilo gumu kuliko yote! Juzi ilisomwa aya yangu juu ya miswada ya Msikiti wa Riyadha, ile iliyopigwa picha chini ya mradi wa Endangered Archives wa British Library. Mwenzetu wa uhasibu aliirudia, kisha akauliza, "Sasa hapa unasema miswada iko wapi, msikitini au kwenye kompyuta?" Msimamizi wangu alikwisha kuipitisha aya hiyo.

Walio fani ya Kiswahili wanaosoma hapa: majarida ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Kiswahili na Mulika, hayajaenda popote, Swahili Forum husomwa bure, na kongamano la kila mwaka la Bayreuth, Ujerumani, hupokea hata vijana. Tumeni ikisiri.

Mwalimu_Gede
Mwanangu Msabaha, nimestaafu, kwa hiyo naweza kusema. Mkuu wa idara asiwe mlezi wako. Hata akiwa malaika. Yeye ndiye anayejaza fomu yako ya tathmini na kukupangia vipindi. Siku utakapotaka kusema vipindi vimekuzidi, au unafikiria kuhamia taasisi nyingine, utamwambia nani? Mlezi ni mtu unayeweza kumwambia hayo bila kuogopa mkataba wako.

Wala usimkatae usoni. Mshukuru, umwombe kitu kilicho mikononi mwake: akupunguzie vipindi muhula mmoja uandike. Hilo programu yoyote ya Nairobi au ya Ulaya haiwezi kukupa. Wasimamizi wengi nao hawana ubaya, ila hakuna aliyewafundisha kulea. Walilelewa kwa kuachwa, nao wanaacha.

Kwa upande wa mikoko, tafuta mtu wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, aliyefanya kazi Gazi huko Kwale, kule kwenye mradi wa Mikoko Pamoja. Kule wanauza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, wanakaa na wanakijiji, wanaandika makala. Swali lako la kufundisha, taasisi au uhifadhi linahitaji mtu aliyeyaona yote matatu. Profesa aliyekaa darasani maisha yake yote atakushauri ubaki darasani.

BintShela (Leeds)
Naona wote mnamwambia atafute, aandike, aombe. Chuo je? Huku Uingereza kuna mkataba wa vyuo wa 2019 kuhusu maendeleo ya watafiti, unaotaka kila mtafiti aliyeajiriwa apate angalau siku 10 kwa mwaka za kujiendeleza kitaaluma. Sisemi kila mtu anazipata, wengi huku kazi inazimeza. Lakini mtu akinyimwa ana karatasi ya kushika mkononi. Kwetu mtafiti mchanga anategemea huruma tu ya mkubwa wake.

Kibarani_K
Siku 10, dada, na sisi mshahara wenyewe wakati mwingine tunausubiri?

BintShela
Ndiyo maana vidaiwe vyote viwili. Baraza za Jumamosi nazipenda, nimekulia humo, lakini zisiwe kisingizio cha chuo kukaa kimya. Huyo mkuu wa idara akikubali kupunguza vipindi, apunguze kwa maandishi, na si kwa Msabaha peke yake.

Mwalimu_Gede
Hapo kwa maandishi nakuunga mkono. Ahadi ya mdomo huondoka na mkuu akibadilishwa.

Msabaha
Nawashukuru. CARTA nimeifuta. AWARD nitaomba milango ikifunguliwa, bila kuisubiri. Mkuu wa idara nitamwendea kwa jambo la vipindi tu, na nitaomba barua. AuthorAID nitaitumia makala ikishakaa vizuri, maana sasa hivi nikimpelekea mtu rasimu yangu nitamchosha bure. Barua ya mtu wa Gazi naiandika leo usiku kwa mtindo wa Langoni.

Langoni, Jumamosi zenu zinapokea mtu wa mbali kwa simu? Barabara ya Garsen na boti ya Mokowe siziwezi kila wiki, na Malindi hapa sijapata mwenzangu wa kusomana naye.

Langoni
Karibu sana. Tuma kurasa Alhamisi tuzichape, mtandao ukikatika tuendelee bila wewe na tukurekodie. Na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku kwetu, kwa hivyo usishangae wazee wakianza kukusahihisha.

Ngomeni_
Na mimi niko Malindi pia, jamani, dada hajauliza tu. Nafanya picha za setilaiti. Mida ninayo ya miaka mingi, haijasomwa na mtu.

Msabaha
Ngomeni, upo Malindi sehemu gani? Nikutumie ujumbe faraghani.