Suti ya harusi: nishone kwa fundi au nipekue mtumba? Bega langu moja limeshuka

Mtarajiwa wa Desemba:
Wakuu, salaam. Nafunga ndoa Tanga katikati ya Desemba, Mungu akipenda. Nina laki tano ya suti, shati na viatu, na mweka hazina wa kamati ameshanionya nisimsogelee tena. Nipo Dar.

Tatizo langu ni mwili. Ni mrefu, mwembamba, na bega la kulia limeshuka kidogo tangu nilipovunjika mtulinga nikiwa sekondari. Suti za dukani zikinikaa mabegani zinapwaya kiunoni kama nimeazima, zikinikaa kiunoni mikono inaishia juu ya saa. Mwaka jana nilishona moja ya mahafali kwa fundi ambaye simtaji. Alinipima mara moja, akanikabidhi asubuhi ya siku yenyewe, na kwenye picha zote nimetoka kama nimesimama mteremkoni. Ilipotoka kwa dobi ikawa na mapovu kifuani, imevimbavimba kama chapati kwenye moto. Nikaigawa.

Sasa rafiki mmoja anasema nishone tena, mwingine anasema niamkie soko la mitumba la Karume. Nisaidieni. Na kiatu je?

Mzee wa Karume:
Mtumba, bila kupepesa macho. Nenda alfajiri belo zinapofunguliwa, usiende saa sita ukaokote yaliyokataliwa na wenzio. Soma lebo ndani ya mfuko wa ndani wa koti, utafute iliyoandikwa wool. Koti la sufu safi utalipata kwa pesa ambayo dukani hainunui hata suruali yake. Ukishalipata, fundi anapunguza kiuno, anafupisha mikono, kazi imekwisha.

Sindano Mbili:
Mzee, heshima yako, lakini kwa huyu kijana umekosea. Nashona suti mwaka wa 19 huu. Kiuno napunguza, mikono nafupisha, suruali naikata upya hata kesho. Bega siligusi. Kulibomoa bega la koti lililokwisha ni kutoa mikono, kola na bitana, nusu ya koti zima, na bado halirudi kama lilivyokuwa. Na la mtumba limekatiwa mzungu mwenye mabega yaliyolingana. Huyu bega lake halilingani.

Mtarajiwa, shona. Ila safari hii mwendeshe fundi, asikuendeshe yeye.

Kwanza yale mapovu. Ndani ya kifua cha koti kuna kitambaa cha kulipa umbo. Kuna cha kubandika kwa pasi na kuna cha kushonewa kwa mkono. Cha kubandika si dhambi, makoti mengi duniani yako hivyo. Lakini kikiwa cha bei ya chini, au kimebandikwa kwa pasi isiyokolea, gundi inaachia kikipata maji au joto na ngozi ya nje inavimba. Ukitaka kujua koti lina nini, bana kitambaa chini ya tundu la kifungo cha kwanza, vuta tabaka la mbele na la nyuma zitengane. Ukihisi tabaka la tatu linaelea katikati, limeshonewa. Kwa laki tano usitegemee kushonewa kote. Mwombe fundi atumie cha kubandika kilicho bora, na suti usiioshe kwa maji.

Pili bega. Mwambie fundi ukweli kabla hajashika futi. Wengi wanapima bega moja wanadhani la pili ni pacha wake. Ndiyo maana ulionekana mteremkoni: upande ulioshuka kitambaa kinakosa pa kushika, kinafanya mkunjo wa mshazari kuelekea kwapani. Dawa ni pedi nene kidogo upande huo, na tundu la mkono likatwe kufuata bega lenyewe.

Tatu, kujaribisha. Si mara moja. Ya kwanza koti likiwa na nyuzi nyeupe za muda, halina mikono au lina mmoja. Ya pili likikaribia kwisha. Fundi akikuambia hana haja ya kukujaribisha kwa sababu ana jicho, chukua kitambaa chako uondoke. Na matundu ya vifungo vya mikononi yakatwe mwisho kabisa, yakishakatwa mkono haufupishiki vizuri.

Dada Mkubwa Tanga:
Karibu Tanga mwanangu, na uje ukijua Desemba yetu. Kaskazi imeingia, jasho linachuruzika ukiwa umesimama. Usije na kitambaa kizito wala bitana ya nailoni mwili mzima. Mwambie fundi mgongoni aweke bitana nusu. Na tafadhali, suruali isiwe modo. Vijana mnabana mapaja mpaka mkipiga magoti kanisani tunafumba macho. Soksi ziwe ndefu, ukikaa mguu usionekane.

Mdau wa Nakuru:
Si ushone suti ya Kaunda tu kaka? Hakuna tai, hakuna jasho shingoni. Kwetu Kenya Spika Wetang'ula aliipiga marufuku bungeni Novemba 2023, lakini madhabahuni hakuna Spika.

Mtarajiwa wa Desemba:
Mama mkwe ndiye Spika 😂

Mwana Bukavu:
Rangi tatu, ndugu, usivuke. Hata wasapeur, wale watanashati wa Kinshasa na Brazzaville, na makeke yao yote wanajua hesabu hiyo. Suti bluu iliyoiva, shati jeupe, kiatu na mkanda rangi moja. Basi.

Soli ya Ngozi:
Kwenye viatu ndipo mtumba unashinda, hapo nipo na Mzee. Tafuta cha kamba, ngozi halisi, kilichoshonwa kuzunguka soli. Kilichogundishwa tu kinaachia mvua ya kwanza. Ukikunja ngozi ikatoa mikunjo midogomidogo kama ya kiganja, ni ngozi. Ikitoa mstari mmoja mgumu, ni plastiki iliyopakwa rangi. Kajaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kutembea, na soksi utakazovaa. Kisigino kisipande, vidole vicheze, upana usikubane. Watu wanang'ang'ania namba wanasahau upana. Kisha kivae nyumbani wiki mbili. Kiatu kipya siku ya harusi ni adhabu, utacheza muziki wa wakwe ukichechemea.

Mtarajiwa wa Desemba:
Nimesoma yote. Kitambaa ninunue mita ngapi, na nitajuaje si nailoni?

Sindano Mbili:
Kwa urefu wako, mita tatu na nusu za upana wa sentimita 150. Ukitaka na kizibao ongeza. Muuzaji akuchomolee uzi, uuchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yanasagika kidoleni. Polista inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Usihangaike na sufu ya Super 150 na kuendelea (namba hiyo ni ya wembamba wa uzi), nyuzi zake ni laini mno, zinachakaa upesi. Na siku ya kupimwa nenda na shati na kiatu utakachovaa, toa simu mfukoni, usivute pumzi ndani kujifanya huna tumbo.

Mtarajiwa wa Desemba:
MREJESHO. Duka la kwanza nimeapiwa "sufu tupu hii, bosi". Nikaomba uzi, nikauchoma, ikabaki punje kama ya pilipili manga. Muuzaji akasema kiberiti changu kibovu. Duka la tatu nikapata mchanganyiko, sufu nyingi na polista kidogo, uzi ukanuka saluni. Viatu nimepata Karume, vyeusi, vya kamba, soli inahitaji kubadilishwa tu.

Fundi mpya nilimwonyesha bega kabla hajanigusa, akacheka, akasema hata lake limeshuka. Leo nimejaribisha mara ya pili. Mkunjo wa kwapani haupo. Kola imelala shingoni, kifungo kinafunga bila kuchora X tumboni, cha chini naambiwa nisikifunge. Shati linatokeza mkononi kama sentimita moja. Jumamosi nachukua.

Sindano Mbili:
Safi. Umekaa nayo?

Mtarajiwa wa Desemba:
Kukaa kivipi mkuu? Nilisimama mbele ya kioo.

Sindano Mbili:
Ibada ni muda wa saa mbili, ukumbini muda wa saa tano. Rudi kesho ukakae kwenye kiti, upige goti, unyanyue mikono kama unamlisha mtu keki. Kabla ya Jumamosi.