Gemu mpya inaganda kila mara, wanasema nisubiri sasisho. Nifanyeje?

Daraja_la_Tatu: Wakuu, habari zenu. Nimenunua gemu dukani mtandaoni siku ileile ilipotoka, baada ya kuisubiri mwaka mzima. Kila nikifika kwenye daraja la misheni ya tatu, picha inaganda, sauti inaendelea peke yake, halafu gemu inajifunga. Nikiwasha tena, nakuta imenirudisha mwanzo wa misheni. Nimejaribu mara tisa. Watengenezaji wanasema tuvute subira, sasisho linakuja. Lakini nililipa bei kamili, sikununua ahadi. Je, naweza kudai pesa yangu?

Mzee_wa_Padi: Pole sana mkuu. Kwanza acha kuicheza. Kama ni Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe hujafikisha saa 2 za kucheza. Muda unahesabika hata skrini ikiwa imeganda. Ukishapitiliza bado omba, ila hapo uamuzi ni wao.

Daraja_la_Tatu: Natumia konsoli mkuu, na nimeshafikisha saa 5. Nyingi ni za daraja hilohilo.

Nuru77: Konsoli ni wagumu zaidi. PlayStation, kwa mfano, ukishaanza kupakua hawarudishi, isipokuwa gemu iwe na kasoro. Shika hapo hapo kwenye kasoro! Desemba 2020 Sony, wenye PlayStation, waliiondoa gemu ya Cyberpunk 2077 dukani kwao wiki moja tu baada ya kutoka, wakawarudishia pesa waliotaka. Ilirudi Juni 2021. Kwa hiyo rekodi video inapoganda, andika namba ya toleo, na ambatanisha maelezo waliyouzia.

Msomi_wa_Haki: Inategemea pia unaishi wapi. Uingereza, sheria ya 2015 inataka gemu ya kupakua iwe na ubora wa kuridhisha na ifanane na ilivyoelezwa. Umoja wa Ulaya nao una kanuni za bidhaa za kidijitali tangu Januari 2022. Australia, mahakama iliitoza Valve, wenye Steam, faini ya dola milioni 3 za huko mwaka 2016 kwa kuwapotosha wateja kuhusu haki zao za kurudishiwa pesa. Duka likikwambia "haturudishi", usidhani mambo yameishia hapo. Ila kama iliuzwa ikiwa imeandikwa wazi kuwa bado inatengenezwa, hoja yako inapungua nguvu sana.

Subira_Kidogo: Mimi ningesubiri. No Man's Sky ya 2016 ilianza kwa malalamiko, wakaikarabati miaka na miaka bila kudai hata senti, leo inapendwa.

Nuru77: Na The Day Before? Ilitoka tarehe 7 Desemba 2023, siku nne baadaye studio ikatangaza kufunga. Sasisho lingetoka kwa nani? Ukisubiri, muda wa kudai unakwisha huku wewe unasubiri.

Daraja_la_Tatu: Nimeangalia maelezo ya dukani, hakuna palipoandikwa kuwa haijakamilika. Nimesharekodi daraja lile, sekunde 40. Natuma maombi usiku huu, wakijibu nitaleta majibu hapahapa.